Chifu na Mkuu: Neno Moja, Milango Miwili

Ndugu msikilizaji, wiki hii nina neno moja tu mkononi, nalo ni chifu. Simama dakika tano stendi ya Kabwe mjini Mbeya, au pale Miyomboni Iringa, utalisikia mara kumi. "Chifu, twende Uyole?" "Chifu, viazi hivi vya leo leo." Anayekuita hivyo hajui wewe ni mtoto wa nani wala hana haja ya kujua. Dakika moja baadaye atakuita bosi, atakuita mzee, atakuita mkuu, kisha atamgeukia abiria mwingine aanze upya. Ni heshima ya rejareja, inatolewa bure na haina risiti. Wanawake, nimeona, hawapewi: wao ni mama, dada au anti, hata kama ndio wenye fedha.

Lakini neno hili lilipopanda Nyanda za Juu Kusini halikuwa la stendi. Lilikuja na mshahara, kofia, mahakama na kodi. Kabla yake watu wa huku walikuwa na maneno yao wenyewe, mengi tu, na kila moja lilikuwa na kazi yake. Chifu akayakalia yote. Hiyo ndiyo hadithi yangu ya leo, na naona inatuhusu, kwa sababu machifu wamerudi magazetini na majukwaani, na wapo wanaotaka warudi pia katika sheria.

Kwanza tumsikilize mwenye neno. Kwa Mwingereza, chief ni neno la kila siku, halimshtui mtu. Alilipata kwa Wafaransa, nao walilipata katika Kilatini, ambako caput maana yake ni kichwa. Kapteni wa meli na kapteni wa timu ya mpira wametoka katika kichwa hicho hicho; hata yule shefu anayepika hotelini kwa kofia ndefu ni ndugu yao. Wajerumani nao walikuwa na Häuptling, neno lililojengwa juu ya kichwa vilevile. Basi Mwingereza akisema chief anamtaja aliye mbele ya wenzake katika kazi fulani: jaji wa juu, daktari wa juu, mhandisi wa juu. Hata sababu kubwa kuliko nyingine, au zao kubwa la wilaya, naye ataliambia chief.

Sasa tazama sisi tulivyolipokea. Chief Justice tumemwita Jaji Mkuu. Mganga wa juu wa Serikali ni Mganga Mkuu. Katika jeshi tuna Mkuu wa Majeshi na Mnadhimu Mkuu, na Ikulu yupo Katibu Mkuu Kiongozi. Wote hao kwa Kiingereza ni chief, na hakuna hata mmoja tunayemwita chifu. Jaribu kumwita Jaji Mkuu "chifu wa majaji" uone watu watakavyokutazama. Lakini neno lile lile lilipomwangukia Mwafrika aliyetawala watu wake kwa urithi, hakuna aliyejisumbua kulitafsiri. Lilibaki jinsi lilivyo, likapachikwa irabu mwishoni, likawa chifu. Neno moja limeingia nchini kwa milango miwili: mlango wa ofisini likawa mkuu, mlango wa shamba likawa chifu.

Twende Iringa. Mtawala wa Wahehe aliitwa mtwa. Mkwavinyika, tunayemfahamu zaidi kwa jina la Mkwawa, alikuwa mtwa. Chini yake walikuwako wazagila waliosimamia sehemu za nchi. Mnamo 17 Agosti 1891 pale Lugalo jeshi lake lilikivunja kikosi cha Wajerumani na kumwua kamanda wao, Zelewski. Wajerumani waliivunja ngome ya Kalenga tarehe 30 Oktoba 1894, na yeye akaendelea kuwasumbua msituni hadi 19 Julai 1898, alipojiua kuliko kukamatwa.

Na Wajerumani walimwitaje? Walimwita Sultani. Walikuwa wametokea pwani, huko walimkuta Sultani wa Zanzibar, na kuanzia hapo kila mtawala waliyekutana naye bara, mkubwa kwa mdogo, katika makaratasi yao alikuwa sultani. Desemba 1896, Mkwawa akiwa bado msituni, walimweka ndugu yake Mpangile atawale Uhehe kwa niaba yao. Februari 1897 wakamwua wakimshuku kwamba anawasaidia wapiganaji wa Mkwawa. Usultani wa namna hiyo ulidumu kama miezi 2.

Jina hilo la sultani lilifika mbali. Vita vya kwanza vya dunia vilipokwisha, mataifa yalisaini mkataba wa Versailles mwaka 1919, na ndani yake mna kifungu cha 246. Kinaitaka Ujerumani irudishe kwa Waingereza fuvu la Sultani Mkwawa, tena katika muda wa miezi 6. Miezi hiyo 6 iligeuka kuwa miaka 35. Ilikuwa Gavana Edward Twining ndiye aliyekwenda kulitafuta fuvu katika jumba la makumbusho la Bremen, na tarehe 19 Juni 1954 akalikabidhi Kalenga mbele ya umati wa watu. Aliyelipokea ni mjukuu wa marehemu, Adam Sapi. Lakini sasa msamiati ulikuwa umebadilika. Marehemu aliyeandikwa Sultani mwaka 1919, alirudishwa nyumbani akiwa Chifu, akapokelewa na Chifu. Yeye mwenyewe hakupata kuwa sultani wala chifu hata siku moja ya maisha yake.

Aliyeleta ubadilishaji huo ni Sir Donald Cameron, gavana wa Tanganyika tangu 1925 hadi 1931. Cameron alitokea Nigeria, na cheo chake huko, msikilizaji, kilikuwa Chief Secretary. Naye alikuwa chief basi, ila wa mlango ule wa ofisini. Mwaka 1926 alitunga sheria ya mamlaka za wenyeji, kwa fikra iliyotoka Nigeria kwa Lugard: Serikali iwatawale Waafrika kupitia watawala wao wenyewe. Kila kabila litafutiwe mtawala wake, apewe baraza, mahakama, hazina ndogo na mshahara, akusanye kodi, atoe amri za kilimo na usafi. Iringa, ambako Wahehe walikuwa hawana mtwa tangu kifo cha Mkwawa, Waingereza walimrudisha mtoto wake, Sapi.

Wazee wa Uhehe walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini kile kilichorudi kilikuwa ni kile kilichoondoka? Mtwa wa zamani hakuwa na mwajiri. Chifu wa 1926 alilipwa mshahara, na gavana aliyemthibitisha aliweza pia kumwondoa. Mzagila naye aligeuka kuwa chifu mdogo mwenye daftari la kodi. Waingereza wenyewe walitaka kujua mtambo huu unafanyaje kazi, hata katika miaka ya 1930 mtaalamu wa mila, Gordon Brown, na ofisa wa utawala, Bruce Hutt, walikaa Iringa wakijaribu kuona kama elimu ya mmoja inaweza kuisaidia kazi ya mwingine. Kitabu chao kilitoka mwaka 1935. Kwa Uhehe, angalau, neno chifu lilipata mahali pa kukaa: palikuwa na nchi moja, ukoo mmoja wa kutawala, na kiti kimoja.

Shida ni ukishuka upande wa Mbeya.

Pale Utengule Usangu palikuwa na nyumba ya Merere, hasimu wa Wahehe, waliopata kumfukuza katika nchi yake na ambao Wajerumani walisaidia kuwarudisha nyuma. Huyu naye angeweza kuitwa chifu bila kelele nyingi. Wasafwa, wenye milima ile inayouzunguka mji wa Mbeya, walikuwa na mwene, tena si mmoja. Neno lenyewe lina jamaa zake pwani: ni mwenye wa Kiswahili, na ni Mwinyi, kama katika Mwinyi Mkuu wa Zanzibar ya zamani. Ukilisikia vizuri linasema juu ya mtu mwenye nchi na mwenye matambiko yake. Halisemi juu ya kichwa.

Lakini nenda Rungwe kwa Wanyakyusa, hapo neno chifu linapokwama kabisa. Mtawala wao aliitwa malafyale. Nchi ile ya migomba na mvua haikuwa na malafyale mmoja wala kumi. Godfrey na Monica Wilson, waliokaa huko kati ya 1934 na 1938, waliandika kwamba kabla ya ukoloni palikuwa na nchi ndogo ndogo zaidi ya 100, kila moja na malafyale wake. Na idadi haikusimama, kwa sababu ya desturi iliyoitwa ubusoka. Watoto wa malafyale na rika lao walipokuwa watu wazima, ilifanywa sherehe kubwa ya kuwatoa. Wana wawili wakubwa waligawiwa nchi ya baba yao, huyu nusu na huyu nusu, pamoja na vijana wa rika lao wa kuanzisha vijiji vipya. Baba akawa amemaliza. Alitarajiwa asikawie kufa. Yaani utawala uliogawanyika kila kizazi kwa makusudi, na mtawala aliyestaafishwa na watoto wake kwa ngoma.

Wala malafyale hakuwa peke yake. Vijiji vilikuwa na viongozi walioitwa amafumu, na hao ilikuwa lazima wawe watu wa kawaida, wasitoke katika ukoo wa kutawala. Hao ndio walioketi na malafyale na kumkatalia ilipobidi, na watu waliamini kwamba wana nguvu za usiku za kukilinda kijiji, na za kumwadhibu malafyale mwenyewe akikosa adabu. Mtu aliyechoshwa na malafyale wake alifungasha akahamia kwa jirani, na jirani alimpokea kwa furaha, maana utajiri wa malafyale ulikuwa watu.

Mwingereza alipofika na fomu yake yenye nafasi ya kuandika jina la chief wa kabila, ungemwandika nani? Waliandikwa wachache. Wengi waliobaki, ambao jana walikuwa sawa na hao, wakawa wadogo wao kwa kalamu. Na mara cheo kilipokuwa na mshahara na mahakama, ule mgawanyo wa ubusoka ukawa hauna maana tena machoni pa Serikali. Huwezi kuwa na hazina inayozaa hazina mbili kila baada ya miaka 30. Wale amafumu waliitwa kwa neno jingine la Kiingereza lenye maana ya msimamizi tu wa kijiji, wakawa ngazi ya chini ya chifu, wakati kazi yao ya asili ilikuwa kumzuia.

Nimekaa sana Rungwe kwa sababu hapo ndipo kisa kilipo. Jambo lile lile lilifanyika nchi nzima. Mangi wa Uchagani alikuwa chifu. Mtemi wa Unyamwezi na Usukuma alikuwa chifu. Mukama wa Uhaya alikuwa chifu. Hata ambako hapakuwa na mtawala wa namna hiyo, alitafutwa mtu akafanywa chifu. Kwa nini wasiwaite wafalme? Nafikiri jibu ni jepesi: mfalme alikuwa mmoja, alikaa London, na watu wake hawakutaka msongamano. Uganda walikuwa na busara kidogo zaidi, au waliogopa zaidi. Kabaka alibaki Kabaka, na chief likawa jina la watu walio chini yake, wale wa masaza na magombolola. Kwetu lilikuwa ndilo dari.

Uhuru ulipokuja mwaka 1961, chifu alikuwa mtu wa kodi na amri. Wakulima wengi walimkumbuka kwa faini za mahakama yake kuliko kwa tambiko lake. Serikali ya TANU iliyaona mambo mawili: kwamba taifa haliwezi kujengwa juu ya makabila yenye wakuu wa kurithi, na kwamba watu hawawezi kuwa na haki sawa mmoja akiwa amezaliwa kuwa hakimu wa mwingine. Mwaka 1963 sheria ikaufuta uchifu. Mwalimu Nyerere, aliyeongoza Serikali hiyo, alikuwa mtoto wa chifu Burito wa Butiama, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumwambia kwamba anasema kwa wivu. Mimi naiona sheria ile ilikuwa ya haki kwa yule chifu wa 1926, mwenye mshahara na mahakama. Lakini kwa kuwa neno moja lilikuwa limewafunika wote, lilipokatwa walikatwa wote. Mwene wa tambiko la mvua hakuwa na hazina ya kufungwa, naye akafungwa. Amafumu wa Rungwe, waliokuwa breki ya utawala, waliondoka pamoja na gari.

Na ni nani aliyeingia mahali pao? Hapa ndipo ule mlango wa pili unapofunguka. Tulipata Mkuu wa Mkoa na Mkuu wa Wilaya. Neno lililokuwa tafsiri ya chief wa ofisini likachukua kiti cha chifu wa shamba. Chini kabisa tukapata mjumbe wa nyumba kumi, na mwenye masikio alisikia ndani yake jumbe wa enzi za Mjerumani, amevaa herufi moja zaidi.

Sheria inaweza kufuta kazi, lakini haifuti jina la mtu. Adam Sapi Mkwawa alikalia kiti cha Spika wa Bunge tangu 1962 hadi 1973, akarudi 1975 hadi 1994. Bunge lilipitisha sheria ya kufuta uchifu yeye akiwa Spika, na miaka yote hiyo aliendelea kuitwa Chifu Adam Sapi. Katikati, kati ya 1973 na 1975, kiti kilikaliwa na Erasto Mang'enya, naye aliitwa Chifu Mang'enya. Abdallah Fundikira wa Unyanyembe alikuwa waziri, aliondoka Serikalini, akarudi kwenye siasa za vyama vingi katika miaka ya 1990, na kote huko alikuwa Chifu Fundikira. Chifu limekuwa kama alhaji au profesa: linatangulia jina na halina ofisi.

Majirani zetu hawakwenda njia hiyo. Kenya chifu ni mtumishi wa Serikali mwenye sare, anaajiriwa kama karani anavyoajiriwa, na kijana anayetaka kitambulisho lazima apite kwake. Mtanzania akisikia hivyo hudhani Kenya wana watawala wa jadi kila kata. La hasha, ni ofisa. Ukivuka mto Songwe pale Kasumulu ukaingia Malawi, mambo ni mengine tena. Huko Karonga wamo Wangonde, ndugu wa damu na wa lugha wa Wanyakyusa, na mtawala wao Kyungu anatambuliwa na Serikali kama chifu wa ngazi ya juu kabisa. Machifu wa Malawi hulipwa posho, na posho hiyo inaitwa mswahara. Nadhani sina haja ya kukueleza neno hilo limetoka wapi. Kwa hiyo watu wa ukoo mmoja, mto mmoja katikati: upande huu malafyale alifutwa mwaka 1963, upande ule Kyungu yuko kwenye orodha ya malipo.

Na sasa neno limerudi. Mwaka 2015 alipofariki Chifu Abdu Adam Sapi Mkwawa, Wahehe walimsimika mwanawe, aliyekuwa bado mwanafunzi. Septemba 2021 mkoani Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alipewa jina la Chifu Hangaya, na tangu hapo hakuna sherehe kubwa inayokosa safu ya machifu na migolole yao. Mbeya, magazeti yamekuwa yakiandika habari za Chifu Mkuu wa Mkoa. Tafadhali lisikilize jina hilo polepole: Chifu, Mkuu, wa Mkoa. Neno la Cameron, tafsiri yake, na mpaka wa Serikali, vyote vimekaa pamoja. Simkatalii mtu heshima yake, na najua wazee hao huitwa kutuliza magomvi na hufanya hivyo vizuri. Ila hakuna malafyale wala mwene aliyepata kuwa na mkoa.

Wapo wanaoomba machifu watambuliwe rasmi katika sheria, waandikwe, wajulikane wa kweli na wa kujipachika. Ombi lina sababu, maana nyuma ya vyeo hivi kuna maeneo ya matambiko, kuna misitu, kuna ardhi inayogombaniwa, na kuna wanasiasa wanaotafuta mtu wa kuwavisha mgolole wakati wa kampeni. Lakini atakayeandika atatumia fomu ya namna gani? Akiandika chifu ni mtu mmoja, wa ukoo mmoja, anayeshika kiti hadi kufa, atakuwa ameinakili fomu ya 1926. Hata kama hakukusudia, ataurudisha uchifu na kumwacha malafyale kaburini.

Mimi ningetaka daftari hilo, kama litakuwapo, liwe na safu mbili. Katika ya kwanza karani aandike chifu, kwa kuwa watu wamelizoea. Katika ya pili aandike neno ambalo wazee wa mahali hapo hulitumia wakiwa peke yao, na kazi iliyokwenda nalo. Kalenga wataandika mtwa na kazi itakwisha asubuhi. Usafwa wataandika mwene, na karani atahitaji kalamu ya pili. Rungwe ningemshauri aende na daftari nene, abebe chakula, na aulize kwanza ni nani aliyemtoa nani katika ubusoka wa mwisho.